Yule Bwana Aliyesema Huenda Akaja

Watu wanaosifia harufu ya kahawa hawajawahi kulala karibu na kahawa iliyovundikwa. Kahawa ya kikombeni ni kitu kingine. Ile ya shambani, ikishamenywa na kulazwa kwenye maji ili utelezi wake utoke, ina harufu ya uchachu, kitu fulani kati ya pombe iliyosahauliwa na soksi za mwanafunzi wa bweni, na inapenya mpaka kwenye shuka. Mimi naipenda. Najua si jambo la kujivunia, lakini nikiisikia tu narudi Akheri, chini ya Mlima Meru, kwa Babu, nina meno mawili makubwa mbele na mdomo usiojua kunyamaza.

Niliisikia tena Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimemsindikiza Shangazi Anaeli nyumbani kwa Babu, ambako siku hizi haishi mtu, na jirani wa bondeni alikuwa anamenya kahawa yake. Shangazi alivuta pumzi, akanitazama, tukacheka wote wawili kabla ya mtu kusema neno. Kisha akanieleza jambo lililonifanya niketi kwenye kizingiti. Lakini nikianza na hilo nitakuwa nimewapa nyama kabla hamjanawa mikono, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Nilipelekwa kwa Babu mwaka ambao baba yangu alihamishiwa kazi Tabora. Mama alimfuata na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, mimi nikaambiwa nitakaa Akheri kidogo tu, maneno ambayo wazazi wa siku zile waliyatumia kwa muda wowote usiozidi miaka miwili. Nilikuwa nimetoka shule ya Inglishi midiamu pale Arusha mjini. Nilifika na Kiingereza kingi na sijui kumenya ndizi, na kwa maoni ya Babu nilikuwa nimesomeshwa kinyumenyume.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni Babu, mkulima wa kahawa na migomba, mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu na mkimya. Wa pili ni Shangazi Anaeli, kitindamimba wake, mwalimu wa shule ya msingi ambaye alikuwa bado hajaolewa. Wa tatu ni mimi. Bibi alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na mimi ndiye niliyekuwa nimepewa jina lake, Naomi, kwa hiyo Babu aliniita mke wangu. "Mke wangu, chai iko wapi?" "Mke wangu, leo umenipikia ugali mbichi, nitawadai kwenu ng'ombe wangu." Nami nilimjibu kwamba ng'ombe tulishawala, na kwamba mume asiye na magego hana haki ya kuchagua ugali. Mtoto mwingine angechapwa kwa maneno hayo. Mke hachapwi, alisema Babu, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Alasiri, baada ya shule, Shangazi alifundisha tuisheni ya Kiingereza pale barazani. Ubao ulikuwa mlango wa zamani wa zizi, uliopakwa unga mweusi wa betri zilizokufa. Wanafunzi walikuwa watu wazima: vijana waliotaka kazi ya kupandisha wageni mlimani, dada mmoja aliyetaka kazi ya hoteli, na mama mmoja wa soko la Tengeru ambaye hakutaka kazi yoyote, alitaka tu kujua watalii wanamsemaje wakipita mbele ya ndizi zake.

Shangazi hakufundisha Kiingereza cha vitabuni. "Mgeni hatakuuliza ngamia ana nundu ngapi," aliwaambia. "Atakuuliza kiongozi amesema nini. Mlimani mnabeba mizigo na mnabeba maneno. Kiongozi amesema lazima unywe maji. Mpishi amesema chakula kinaweza kuchelewa. Daktari amesema ingefaa ushuke. Ukikosea mzigo, mgeni atakosa soksi. Ukikosea maneno, atakosa pumzi."

Basi zoezi lao la kila siku lilikuwa hili: mmoja anamnong'oneza mwenzake jambo, mwenzake anasimama na kulipeleka kwa darasa zima, kisha wote wanaitikia kama kwaya. He said he might come. She said she would wait. Sauti zilipanda zikapita juu ya migomba, na mimi nilizisikia nikiwa upande wa pili wa nyumba, kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, ambako kazi yangu ilikuwa kumsaidia Babu kuchambua punje mbovu.

Sasa, mtoto ni mtoto. Sikujua kwamba sentensi za darasani hazina wenyewe. Mimi niliamini kabisa kwamba bwana anayesemwa ni mmoja, na dada anayesemwa ni mmoja, na kwamba Shangazi anasimulia hadithi yao ndefu, kipande kwa kipande, kila alasiri. Nilimhurumia yule dada. Kila siku alikuwa anasubiri.

"Mke wangu," Babu aliniuliza siku moja, macho yake yakiwa kwenye kahawa, "hao wanasema nini?"

"Kuna bwana mmoja, Babu. Amesema huenda akaja."

"Huenda?"

"Ndiyo. Huenda."

Babu alitupa punje iliyotobolewa na mdudu. "Afadhali huyo," akasema. "Mwenzake angesema lazima, kumbe mvua haikuulizwa. Haya, tumsubiri kesho."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Wao wanaimba Kiingereza barazani, mimi namtafsiria Babu kichanjani, naye anatoa maoni. Yule dada alisema angeweza kungoja mpaka jioni, Babu akasema huyo ana moyo. Yule bwana alisema lazima aondoke alfajiri, Babu akasema huyo ana kazi, si mzururaji. Nilipoona hadithi inapooza, nilitia chumvi. Nilimpa yule bwana baiskeli nyekundu. Nilimpa jino linalouma na mama mkali anayeishi Machame. Babu alipokea yote bila kupepesa jicho, na kesho yake aliniuliza kama jino limepoa.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mara nyingine mkono wa Babu ulisimama juu ya kahawa kabla sijafungua mdomo, au alitabasamu wakati mimi bado natafuta neno. Nilidhani ni mambo ya wazee, wanacheka na mawazo yao.

Miongoni mwa wanafunzi nilimpenda zaidi kaka Prosper. Alikuwa Mchaga wa Rombo, Mkatoliki, mpishi wa safari za mlimani, na alikuwa amepanga chumba Tengeru. Alinukia vitunguu na mafuta ya taa. Akishuka mlimani aliniletea chokoleti za wageni zilizopondeka mfukoni hadi zikawa kama uji, nami nilizila kwa kidole. Kila alipofika alivua kofia yake ya sufu, akamsalimia Babu kwa mbali, "Shikamoo mzee," na Babu akajibu "Marahaba" bila kuinua kichwa. Sikujua kwamba kaka Prosper alikuwa anaweza Kiingereza tangu zamani. Mtu aliyepika chapati kwa ajili ya Wazungu kwenye baridi ya mita elfu nne haji tuisheni kujifunza kusema maji.

Jumamosi moja walikuja wageni wanaume waliovaa makoti, na dumu la mbege, pombe ya ndizi, lililoandikwa mafuta ya kula, kwa heshima ya mzee wa kanisa. Aliyewaongoza alikuwa mshenga, mzee wa Rombo mwenye sauti laini. Nilipita na sinia la vikombe nikamsikia akisema, "Tulikuwa tunapita, tukaona ua zuri bustanini kwenu. Kijana wetu Prosper ameshindwa kulala."

Babu akasema, "Tumewasikia." Alisema hivyo tu. Wakanywa, wakaaga, wakaondoka.

Wiki zikapita na Babu hakupeleka jibu. Majirani walikuwa na majibu yao: kwamba mzee hawezi kumpa binti Mkatoliki, kwamba mwanamume gani anaishi kwa masufuria. Vyungu vya Shangazi jikoni vilianza kugongana kuliko kawaida. Na hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo watasema si angemuuliza tu baba yake. Kwetu binti hamuulizi baba yake habari za mume wake mwenyewe. Ni aibu kwa wote wawili, hata wangekuwa wanapendana kiasi gani. Binti humwambia mama, mama humwambia baba wakiwa mtoni, yaani kwenye mto wa kulalia, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Bibi alikuwa kaburini, nyuma ya migomba. Dada yake Babu, ambaye angeweza kushika nafasi hiyo, aliolewa mbali na miguu ilikuwa imemkataa. Njia ilikatika. Baba na binti walikula chakula cha sufuria moja, kila mmoja akiwa na neno kooni, na hakuna wa kulibeba.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba hadithi ya barazani imeharibika. Sasa dada alikuwa anasema hawezi kuuliza, bwana anasema huenda asingoje tena, mambo ya huzuni matupu. Nilikwenda jikoni kulalamika.

"Shangazi, mbona hadithi yako siku hizi ni ya kulia?"

"Hadithi gani?"

"Ya yule bwana na yule dada. Hata Babu anasikitika."

Kisu chake kilisimama kwenye ndizi. "Babu yako anasikiliza?"

"Kila siku. Ananiambia nimtafsirie."

"Yeye mwenyewe ndiye anakuambia?"

"Ndiyo. Anasema, mke wangu, wanasema nini."

Shangazi alitazama nje, kule kwenye vichanja, kwa muda mrefu sana. Mikono yake ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi na aliiacha hivyo. "Unamtafsiria vizuri?" akaniuliza.

"Sana," nikasema, na habari za baiskeli nikazimeza.

Kesho yake sauti za darasa zilikuja taratibu, neno kwa neno, kama watu wanaovuka mto. Dada alisema hawezi kumwacha baba yake peke yake. Nilimtafsiria Babu. Mawingu yalikuwa yameteremka kutoka Meru na matone yakaanza, na ilibidi mimi ndiye nivute turubai juu ya kahawa, kazi ambayo Babu hakuwahi kuisahau kabla ya siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata aliniita nikiwa navaa sare. "Mke wangu, kamuulize mwalimu. Huyo dada wa hadithi akiondoka, yule baba moto wake atawashiwa na nani?"

Nikapeleka swali. Shangazi alinisikiliza, akanifunga vizuri kola ya shati, akaniambia niende shule nisichelewe. Nikakasirika. Mtu anaulizwa swali zuri kuhusu hadithi yake mwenyewe, hajibu.

Jibu lilikuja alasiri. Siku hiyo Shangazi hakuandika kitu ubaoni. Alimwambia kaka Prosper asimame, na kaka Prosper, aliyezoea kuita watu kula kwa sauti inayopita ukungu, alisema kwa sauti iliyotetemeka: He said they would come every Sunday. He said she must light the fire herself. Darasa likaitikia. Yule mama wa Tengeru, ambaye nadhani yeye alielewa kila kitu, aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

"Amesema watakuja kila Jumapili," nikamwambia Babu. "Amesema lazima dada mwenyewe ndiye awashe moto." Siku hiyo sikuongeza baiskeli wala jino.

"Kila Jumapili?"

"Ndiyo, Babu."

"Siyo huenda?"

"Siyo huenda. Amesema watakuja."

Babu alikung'uta mikono. "Baada ya ibada au baada ya misa?"

Nilikimbia nikizunguka nyumba. Nililikuta darasa limenyamaza, kalamu juu. "Babu anauliza, baada ya ibada au baada ya misa?" Shangazi alijifunika mdomo kwa khanga, mabega yakatikisika kama ya baba yake. "Mwambie baada ya zote mbili," akasema. Nikakimbia nikarudi. Babu alisikia, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei.

"Basi kamwambie mwalimu wako hivi. Yule baba amesema wanaweza kuja."

Nilingoja darasa litawanyike, nikamfuata Shangazi zizini, ambako alikuwa anakamua. "Shangazi, Babu amesema kwamba yule baba wa hadithi amesema wanaweza kuja." Shangazi aliegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akabaki hapohapo, maziwa yakichuruzika chini. Nilidhani ng'ombe amemkanyaga. Nilimwita Babu kwa sauti yangu yote aje kumwondoa, na Babu, ambaye hakuwa mbali, alinijibu kwamba nimwache, ng'ombe hana neno.

Siku walipokuja wale wenye makoti kwa mara ya pili, mbuzi alichinjwa. Kwa ukoo wetu kila mtu ana kipande chake cha nyama, na kidari ni cha mshenga. Mzee wa Rombo alipewa nusu. Kisha Babu akasimama na sahani, akaniita mbele ya wazee wote, akanipa nusu nyingine kwa mikono miwili. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Nilijua sababu: ni zawadi ya Kiingereza. Nikala yote, nikaumwa tumbo. Baadaye nikamsikia Babu akimuuliza kaka Prosper, kwa uso usiotabasamu hata kidogo, baiskeli yake nyekundu ameiacha wapi. Kaka Prosper aligeuka akatazama getini. Nilitamani ardhi inimeze na kidari changu.

Shangazi aliolewa akahamia Ngaramtoni, na ule moshi wa Jumapili ndio ninaoukumbuka kuliko harusi. Walifika baada ya ibada na baada ya misa, wamechoka na kuimba kwingi, na kabla hajaketi Shangazi alipiga magoti kwenye mafiga akawasha moto, Babu akiwa ametulia kwenye kigoda chake akimtazama. Siku nyingine moto ulikuwa tayari unawaka, nimeuwasha mimi. Babu aliuzima kwa maji wakisikika getini.

Sasa turudi Jumapili iliyopita, kwenye ile harufu ya jirani. Tulikuwa tumesimama ubavuni mwa nyumba, vichanja vimebaki miti mitupu, na mimi nikamwambia Shangazi jinsi nilivyokuwa namtafsiria Babu pale, na jinsi nilivyomdanganya habari za baiskeli.

"Kumtafsiria?" akasema. "Naomi, babu yako alifanya kazi nyumbani kwa mzungu wa shamba la kahawa, kule Usa River, tangu ujana mpaka yule mzungu alipofunga mizigo. Walikuwa wanagombana kwa Kiingereza asubuhi na jioni. Mimi wimbo wangu wa kwanza wa Kiingereza alinifundisha yeye."

Hapo ndipo nilipoketi kizingitini. Niliuona ule mkono ukisimama juu ya kahawa, na yale matabasamu yaliyofika mapema. Niliiona baiskeli nyekundu ikipita mbele ya mzee ambaye alijua vizuri kabisa kwamba haipo, naye akaipisha.

"Alikuwa anasikia kila neno," nikasema.

"Kila neno. Sasa mzee anayesikia Kiingereza, akimwomba mtoto amtafsirie, maana yake nini? Uliponiambia siku ile jikoni nilielewa. Alikuwa anataka kuambiwa. Na alikuwa anataka kuambiwa na mkewe." Akanishika kidevu kama nina miaka tisa. "Mama yangu alikuwa amekufa, lakini jina lake lilikuwepo, linazungukazunguka uani halijui kumenya ndizi. Njia ilikuwepo. Mimi ndiye sikuiona."

Nililia, sitaficha. Nililia kwa kumpenda yule mzee, na kwa kuwa sasa sina wa kumwambia kwamba nimeelewa.

Getini kaka Prosper, ambaye magoti yake siku hizi hayampi mlima, alikuwa ameegesha gari na anashusha kuni. Shangazi alizipokea, akaingia jikoni, akapiga magoti kwenye mafiga yaleyale. Amefanya hivyo kila Jumapili tangu tulipomzika Babu, na ukoo mzima unamshangaa: nyumba haina mtu, moto ni wa nani?

Nilimuuliza. Akapuliza mpaka ukashika, macho yakimtoka machozi ya moshi, akanijibu kwa Kiingereza chake cha ubaoni, kimenyooka, kila neno mahali pake: "I said I would come every Sunday."

Nikatoka nje. Nikaenda kwenye vichanja, mahali pangu pale pale, nikatazama mahali pake.

"Amesema alisema atakuja kila Jumapili, Babu," nikamtafsiria. "Na amekuja." Halafu, kwa kuwa alikuwa amenyamaza na hadithi ilikuwa inapooza, nikaongeza: "Amekuja kwa baiskeli."